Pikapu na vani Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uimara, spea na dila

Majibu haya ni ya mtu anayetafuta riziki kwa gari kati ya Kilifi na Mokowe: mwenye duka, mchuuzi wa samaki, mkulima wa Marafa, mwenye nyumba za wageni Watamu. Gari la kwenda harusini lina hesabu nyingine.

Pikapu na vani, ipi haisumbui?

Huku uimara tuupime kwa siku ambazo gari husimama likiharibika. Gari linaloharibika mara mbili kwa mwaka na kupona siku hiyo hiyo ni afadhali kuliko lile linaloharibika mara moja likakaa juu ya mawe wiki sita, mwenyewe akiambiwa spea iko njiani.

Tofauti kubwa ni asili yake. Pikapu nyingi za hapa ziliuzwa mpya nchini, kwa hiyo dila (wakala rasmi wa kampuni ya gari) anazijua na vipuri vyake viko kwenye orodha zake. Vani nyingi ziliteremshwa bandari ya Mombasa zikiwa zimeshatumika Japani. Hizo hutegemezwa na maduka ya spea na mafundi wa mtaani, na dila husaidia akiweza. Kwa Toyota HiAce msaada huo wa mtaani ni mkubwa kuliko wa dila wa magari mengi, maana matatu zimeijaza Pwani yote. Kwa vani ya ajabu ajabu, iliyonunuliwa kwa kuwa ilikuwa rahisi, hakuna dila wala mtaa.

Kwa umbo, pikapu ina chesi ya ngazi chini ya bodi, springi za majani nyuma, na injini mbele ambayo fundi anaifikia akifungua boneti. HiAce haina chesi ya kujitegemea. Bodi ndiyo mifupa, kwa hiyo kutu ya bodi ni ugonjwa wa mifupa. Injini iko chini ya viti vya mbele, na joto halina pa kukimbilia. Njia yako ikiwa ni Langobaya hadi geti la Sala la mbuga ya Tsavo, au Marafa wakati wa mvua, chukua pikapu. Ikiwa ni lami ya Malindi na Mombasa, na mzigo unataka kufunikwa na kufungwa kwa kufuli, chukua vani.

Hilux au D-Max?

Hakuna jibu la aibu hapa. D-Max huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyojulikana kama General Motors East Africa hadi 2017, na vipuri vya kawaida havikosi Mombasa. Toyota Hilux ukiiuza hurudisha pesa vizuri zaidi, na hilo ni sehemu ya gharama ambayo watu husahau kuipiga.

Kwa injini, Hilux ya kabla ya 2015 yenye injini ya 2KD ya lita 2.5 hutumia mkanda wa taimingi. Uliza ulibadilishwa lini. Kama hakuna risiti, hesabu haujabadilishwa. Zilizofuata, 2GD ya 2.4 na 1GD ya 2.8, zina mnyororo. D-Max za 4JK1 na 4JJ1 pia zina mnyororo. Zote hizi ni dizeli za shinikizo kubwa na adui yao ni mmoja: dizeli chafu au yenye maji. Dizeli ya mitungi inayouzwa kwenye vijiji vya wavuvi imeua nozeli (vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini) nyingi kuliko umri.

Kwa hiyo mwaga maji ya filta ya dizeli kila unapobadilisha oili, na papo hapo taa yake ikiwaka. Zima injini, weka chupa chini ya filta, legeza kifundo cha plastiki cha chini zamu mbili, piga pampu ya mkono iliyo juu yake hadi itoke dizeli tupu, kisha kaza kwa vidole. Ukikaza kwa koleo kifundo hupasuka, na hapo filta huanza kuvuta hewa, gari likakataa kuwaka asubuhi.

Ukibeba tani kila siku kwa njia ya mawe, tungechagua D-Max ya kebini moja. Ukitaka kuliuza baada ya miaka minne, Hilux.

HiAce ya dizeli au ya petroli?

Swali hili ndilo linalopoteza pesa nyingi kuliko yote. Angalia herufi za kwanza za namba ya chesi. TRH200 ni petroli ya lita 2.0, injini ya 1TR. KDH200 ni dizeli ya 2.5. KDH201 ni dizeli ya 3.0, injini ya 1KD. GDH201 ni ya kuanzia mwishoni mwa 2017, yenye 1GD ya 2.8.

1KD ina nguvu, ila ina tabia moja ambayo lazima uijue. Kila nozeli hukaa juu ya washa ya shaba, yaani pete bapa ya kuzibia. Washa hiyo ikichoka, moshi wa silinda hupenya kwenda chini ya kifuniko cha vali, unapika oili hadi inakuwa kama lami, na lami hiyo inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Taa ya oili huwaka ukiwa Matsangoni, na ukifika Kilifi injini imekufa. Fundi asiyejua huongeza oili tu. Anayejua hushusha sampu ya chini, akatazama chujio kwa tochi, na kubadilisha washa zote nne. Kila nozeli inapotolewa, kwa sababu yoyote, washa yake iwe mpya.

Kabla ya kununua KDH, liwashe likiwa baridi kabisa. Mlio wa nyundo na moshi mweupe wa dakika moja mbili ni dalili ya nozeli. Kisha ifungwe mashine ya kompyuta, isomwe hesabu ya masahihisho ya kila nozeli injini ikiwa ya moto na inaunguruma polepole: ikipita 3 juu au chini ya sifuri, nozeli hiyo inaelekea mwisho. Na ukinunua nozeli mpya, msimbo uliochapwa kichwani mwake lazima uandikwe kwenye kompyuta ya gari. Wengi hufunga tu, kisha wanalaumu nozeli.

KDH201 za baada ya 2010 zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Gari la kuzunguka soko la Malindi na kurudi nyumbani halifiki joto hilo. Kinaziba, nguvu zinapotea. Likimbize barabara ya Mombasa nusu saa mara moja kwa wiki, au tumia swichi ya kusafisha iliyo kwenye dashibodi gari likiwa limesimama mahali pasipo na nyasi kavu, na utumie oili ya majivu machache.

Petroli haina tabo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini), haina nozeli za shinikizo kubwa, haina kichujio cha masizi. Inakunywa zaidi, ndiyo. Lakini Malindi hadi Mombasa ni tambarare ya kilomita 120 hivi, na kwa mwenye safari fupi za mjini tofauti ya mafuta haifikii bei ya seti moja ya nozeli. Tunapendekeza TRH kwa wengi wanaouliza. Wengi hawapendi jibu hilo.

Na Nissan Caravan?

Caravan ya modeli ya E25 ya dizeli yenye injini ya ZD30 ni ya kuepuka usipojua historia yake. Sensa ya hewa ikichafuka, kompyuta inakosea hesabu, tabo inasukuma kupita kiasi, na pistoni huyeyuka. E25 ya petroli haina balaa hilo. NV350, yaani E26, ni gari zuri zaidi, lakini spea za bodi, taa na vioo hazipatikani haraka kama za HiAce.

Bongo na Vanette?

Mazda Bongo na Nissan Vanette za zamani ni gari moja lenye majina mawili, na spea zake huingiliana. Zinafaa kupeleka mkate, maji na gesi mjini. Usizipakie saruji mifuko 30 (hiyo ni kilo 1,500) halafu uulize kwa nini beringi za nyuma hazidumu.

Ford Ranger, Navara, L200?

Magari yenyewe yana nguvu. Uliza dila kwanza. CMC Motors, iliyouza Ford nchini kwa miaka mingi, ilitangaza Januari 2025 kwamba inafunga shughuli zake Afrika Mashariki. Mwenye gari hakukosea kitu, lakini njia ya spea na ya madai hubadilika mara moja. Kabla ya kulipa, pigia aliyepo leo, taja namba ya chesi, uliza bei na siku za vitu vitatu: nozeli moja, pampu ya klachi na taa ya mbele. Jibu la "tutakupigia" ni jibu tosha.

Nissan Navara ya modeli ya D40 yenye injini ya YD25: sikiliza mnyororo wa taimingi ukikwaruza likiwashwa baridi. Huko Uingereza zilijulikana kwa chesi kuoza na kukatika, na chumvi ya huko ni ya kumwagwa barabarani msimu wa baridi tu. Yetu iko hewani mwaka mzima. Mitsubishi L200 za zamani zenye injini ya 4D56 zina mikanda miwili, wa taimingi na mdogo wa mizani. Mdogo ukikatika huingia kwenye mkubwa na vali zinagonga pistoni. Badilisha yote miwili pamoja.

Dila yuko Mombasa. Ana faida gani kwangu?

Ana tatu: waranti, mashine ya kompyuta inayozungumza na gari lako sawasawa, na namba sahihi za spea. Waranti ikiwa hai, usicheze: fuata kilomita za kitabu, kipigwe muhuri, risiti zihifadhiwe. Soma ukurasa unaotaja vitu visivyolipwa, na utakuta klachi, breki na mara nyingi kutu humo.

Waranti ikiisha, gawa kazi. Oili, filta, breki, bushi na springi fanya Malindi. Nozeli, pampu ya shinikizo, kompyuta na giaboksi ya otomatiki mpelekee mwenye vifaa. Piga simu siku moja kabla, toa namba ya chesi na dalili, uliza kama spea iko rafuni, halafu ondoka Malindi alfajiri. Anayefika saa nne bila miadi hulala Mombasa. Ukiwa na magari kadhaa ya aina moja, kama hoteli au shirika, uliza kama watamtuma fundi kwako. Gari moja hawalifuati, matano huenda wakayafuata.

Gari langu lilitoka Japani. Dila atalipokea?

Kwa kawaida huduma ya oili na breki hawaikatai. Tatizo ni spea. Gari la soko la Japani halina namba ya chesi ya tarakimu 17. Lina ile fupi, kama KDH201 ikifuatwa na kistari na tarakimu 7, kwa hiyo orodha ya magari yaliyouzwa hapa huenda isilitambue. Lazima itafutwe orodha ya Japani. Pikapu ya mtumba nayo si rahisi kutoka Japani, kwa sababu D-Max haiuzwi huko na Hilux ilirudi sokoni huko 2017 tu. Zinazokuja hutoka Thailand, Uingereza au Afrika Kusini. Namba ikianza na MR0 ni Toyota ya Thailand, AHT ni ya Afrika Kusini, MPA ni Isuzu ya Thailand. Mwambie muuza spea hivyo mapema. Na kumbuka gari la mtumba haliingii Kenya likizidi miaka 8.

Naagiza spea Mombasa, inakuja isiyo yake. Nifanyeje?

Acha kuagiza kwa jina. "Padi za Hilux" zipo za aina nyingi. Piga picha ya bamba la chesi, picha ya spea ya zamani pande zote mbili ikiwa na rula kando yake, na utafute namba ya spea yenyewe. Kwa Toyota namba ina tarakimu 10, na 5 za mwanzo hutaja aina ya kitu: 04465 ni padi za mbele, 04495 viatu vya breki ya nyuma, 17801 filta ya hewa, 13568 mkanda wa taimingi, 90915 mara nyingi ni filta ya oili. Tano za mwisho ndizo za gari lako. Ukitumiwa boksi linaloanza na tarakimu tofauti na uliloomba, lirudishe bila kulifungua.

Muuzaji atakuuliza: jenuini, ya Taiwan, au ya kawaida? Filta za oili na dizeli, mkanda wa taimingi, washa za nozeli na sili: jenuini. Taa, bampa, vioo: chukua ya bei nafuu. Bushi na boljointi ziko katikati; za bei ya chini sana hazimalizi msimu mmoja kwenye njia ya Langobaya. Kifurushi kinachopandishwa basi la asubuhi Mombasa hufika Malindi mchana. Ukikosa basi hilo, siku imekwenda.

Kutu inaanzia wapi, na nioshe vipi?

Kwenye pikapu: mabano ya springi za nyuma, chesi sehemu inayopanda juu ya ekseli ambako mchanga unabaki ndani, na mabomba ya breki. Kwenye HiAce: chini ya milango ya kuteleza, matao ya magurudumu ya nyuma, na sakafu chini ya zulia la plastiki.

Kuna kitu kimoja hakitazamwi. Karibu na ekseli ya nyuma, Hilux na HiAce nyingi zina vali ya kugawa breki yenye mkono mrefu mwembamba ulioshikwa na ekseli. Mzigo ukishusha gari, mkono unasogea na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Chumvi huugandisha. Usukume kwa mkono gari likiwa limezimwa: usipocheza, breki za nyuma hazijui kama umebeba tani au umebeba kuku.

Kuosha kuna kosa la Malindi peke yake: watu huosha gari kwa maji ya kisima. Visima vingi karibu na pwani vina maji ya chumvi. Unaondoa chumvi kwa chumvi. Tumia maji ya bomba yanayotoka Baricho, au ya mvua. Osha chini kwanza, dakika 10 kila upande, ukielekeza maji ndani ya matundu ya chesi hadi yatoke safi, kila wiki, na siku hiyo hiyo kama gari limeshuka ufuoni au limeingia mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Mchezo wa kupulizia oili chafu chini ya gari hatuupendi: huozesha bushi za mpira na kunasa mchanga. Tumia nta ya chini ya gari, likiwa kavu kabisa.

Maji hayo ya kisima yasiingie kwenye rejeta pia. Kulanti nusu, maji yaliyosafishwa nusu. HiAce ikijazwa maji ya chumvi, rejeta huoza kutoka ndani, na dalili ya kwanza huwa ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Nabeba samaki.

Maji ya barafu ya samaki ni mabaya kuliko bahari, kwa sababu hukaa. Yanapita kwenye matundu ya bolti na kulala kati ya bati mbili. Weka kasha lenye tundu la kutolea maji, funga mpira hadi nje ya gari, mdomo wake usielekee ekseli wala mabomba ya breki. Kila tundu la bolti lizibwe kwa silikoni kabla ya kukaza. Kwa biashara hii pikapu yenye kasha linaloteremshwa inashinda vani, maana unaweza kuosha chini ya kasha. Harufu pia inabaki nyuma.

Nimevuka maji. Nikague nini?

Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara Mbogolo, na magari mengi yalivushwa kwa pupa. Likizima ndani ya maji, usiliwashe. Livutwe nje, fungua filta ya hewa: ikiwa imelowa, fundi atoe nozeli au plagi na kuzungusha injini ili maji yatoke. Likivuka bila kuzima, siku hiyo hiyo legeza plagi ya kujazia ya difu (giaboksi ya ekseli) uchovye kidole. Oili yenye rangi ya maziwa imwagwe. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi huvuta maji kupitia tundu la kupumulia, hata kama sili ni mpya. Beringi za magurudumu ya mbele zisikilizwe wiki mbili baadaye.

Niko Lamu. Kuna tofauti?

Gari linaishia Mokowe; ng'ambo ni mashua na punda. Kwa hiyo linalala kando ya maji ya chumvi, mara nyingi siku nyingi bila kuwashwa. Toa waya hasi wa betri ukiliacha zaidi ya wiki mbili, na usivute breki ya mkono: viatu hugandamana na ngoma. Weka gia na kigingi. Spea huongeza siku moja juu ya hesabu ya Malindi, na mvua ikikata njia ya Garsen na Gamba huongeza zaidi. Hapo ndipo gari lisilo na mwenzake barabarani halifai kabisa. Angalia magari yaliyoegeshwa Mokowe na Mpeketoni, nunua mojawapo ya aina hizo.

Niangalie nini kwa nusu saa kabla ya kulipa?

Fika asubuhi, shika injini: ikiwa ya moto, muuzaji amelipasha makusudi. Liwashe usikilize. Fungua kepi ya oili likiunguruma. Moshi unaosukuma kwa nguvu ni ringi au washa za nozeli. Gonga chesi kwa mpini wa nyundo kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hukohoa. Tazama matairi: HiAce inataka 195/80R15 yenye namba 107/105, yaani kilo 975 kwa tairi moja; ukikuta ya gari dogo la saluni, jua mwenyewe alibana kila mahali. Endesha bila mzigo, kisha omba kuendesha na mzigo. Anayekataa la pili ana sababu.

Nibebe spea gani garini?

Filta moja ya dizeli, mkanda wa altaneta, mpira wa juu wa rejeta na klampu mbili, fyuzi, oili lita 2, kulanti lita 5, spana ya 10, 12, 14 na 17. Na jeki inayofika: ile ya HiAce ikiwekwa chini ya pikapu iliyopakiwa mchangani haiinui kitu bila ubao wa sentimita 30 kwa 30 chini yake.